Bi Hebu na Kipande cha Pili cha Tiketi

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, mkaguzi wetu wa tiketi atafunga lango la gati kwa mara ya mwisho. Anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi: minane ndani ya Jumba la Samaki, na ishirini na mitatu huku nje kwetu, kwenye boti ya matembezi. Hesabu hiyo imetoka Ofisi ya Utumishi. Yeye mwenyewe ameipitia, akasema wamemzidishia siku nne, na ameandika barua ya kutaka zipunguzwe.

Mgeni uliyekuwa humjui, sasa umeshamjua.

Jina lake la kwenye kitambulisho hulisikii hapa ila akiitwa ofisini. Sisi tunamwita Bi Hebu, kwa sababu neno lake la kwanza kwa binadamu yeyote, awe mgeni, mkubwa wa kazi au fundi wa mabomba, ni "Hebu nione." Hasemi karibu. Ananyoosha kiganja, anapokea tiketi, anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza nyuma, na wengine tunaapa kwamba huwa anainusa. Akiridhika anaichana kwa mkato mmoja. Asiporidhika, jamani, utajuta kuzaliwa na mikono.

Nilipoitwa na meneja nikaambiwa niandike wasifu huu, niliingiwa na wasiwasi papo hapo. Kampuni ina watu zaidi ya mia, wengine wamesoma mpaka wamechakaa, kwa nini mimi? Mimi ni nahodha. Kuandika kwangu ni matangazo ya ubaoni, "usiegemee ukingo" na kadhalika. Isitoshe, kila mtu anajua kwamba mimi na Bi Hebu hatupikiki chungu kimoja. Nilimuuliza meneja nani kanipendekeza. Akatabasamu tu, akaniambia nipitie kwa katibu wake nikachukue faili lenye tarehe za utumishi. Meneja akikujibu kwa tabasamu, angalia mlango uko wapi. Nilichukua faili nikaliweka chini ya kiti cha usukani siku mbili nzima bila kulifungua, nikilitazama kwa pembe ya jicho.

Sasa nianze alipoanzia, nisije nikaambiwa nimeruka.

Alianza Jumba la Samaki akiwa mfuta vioo. Vyumba kumi na vinne vya vioo, na kila kioo kina alama za pua za wageni, maana watu hawaridhiki kumwona samaki mpaka wambandikie uso. Alifuta pua hizo mwaka mmoja na nusu. Inasemekana siku moja alimwendea msimamizi akamwambia kwamba pua zilizoko vioo vya nyuma ni nyingi kuliko tiketi zilizochanwa mlangoni, kwa hiyo kuna mahali watu wanapenya. Msimamizi alicheka. Wiki hiyohiyo wakagundua dirisha la choo cha wanaume lilikuwa linafunguka kwa nje. Kesho yake akahamishiwa mlangoni, na kicheko cha msimamizi kikakatika.

Mlangoni ndipo sifa zake zilipoanza kusambaa. Alimkamata bwana mmoja mwenye tiketi iliyochanwa, ikagundishwa kwa uji, ikapigwa pasi. Bwana yule aliapa ni mpya. Bi Hebu aliigusa kwa ncha ya ulimi, akamwambia uji wake haukuiva. Siku nyingine alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, amewaleta wakwe zake watarajiwa, amevaa suti, anatembea kifua mbele. Akapita mlangoni akimwonyesha kidole gumba, kwamba mimi wa nyumbani. Bi Hebu akanyoosha kiganja. Shemeji akacheka. Kiganja hakikurudi. Wakwe wakasimama pale kama watu waliopotea njia, mpaka shemeji akaenda dirishani akapanga foleni kama watu wengine. Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu, ila kwenye meza ya harusi Bi Hebu aliwekwa mbali sana na bwana harusi.

Haya. Sasa nieleze alivyokuja kwetu, na hapa nitahitaji kutoa siri ambayo sisi kumi na mmoja wa boti tulikula yamini kwamba tutazikwa nayo.

Kwa wageni: Jumba liko upande wa juu wa barabara, gati iko upande wa chini, na katikati kuna kivuko cha waenda kwa miguu. Ndani ya Jumba mna kiyoyozi, giza la kupendeza, mikunga, samaki aina ya taa na pweza, na papa mmoja mzee tunayemwita Mwenyekiti, kwa sababu hafanyi lolote mpaka watu wajae. Boti yetu ina viti sitini. Inashuka mto, inapita chini ya madaraja matatu, inauzunguka mnara wa saa, inageukia kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni, inarudi. Miaka ile Jumba lilikuwa likifurika hata siku za mvua, tena hasa siku za mvua. Boti ilikuwa ikibeba upepo. Wafanyakazi wa Jumba walituita wapiga makasia, ingawa boti ina injini. Sisi tuliwaita watu wa kwenye friji. Hatukuwa tukisalimiana.

Ndipo ofisi ikabuni tiketi pacha. Karatasi moja yenye vipande viwili: cha kwanza kinachanwa mlangoni mwa Jumba, cha pili mgeni anavuka nacho barabara anakuja kupanda boti. Umeona samaki, sasa uone mji. Wakatangaza jaribio la miezi mitatu. Boti ikijaa angalau nusu, itaendelea. Isipojaa, itauzwa, na sisi kumi na mmoja tutafute pa kwenda. Na ili wajue inajaa au haijai, wakamtuma mtu wa kukaa gatini na kuandika. Wakamtuma yeye. Kutoka Jumba. Mtu wa kwenye friji!

Alikuja Jumatatu na kiti cha plastiki na daftari lenye jalada jeusi. Akakaa langoni, daftari magotini, akaanza kuandika. Boti ikiondoka na watu saba anaandika. Ikirudi na walewale saba anaandika tena, kama mtu anayeshuku tumewabadilisha njiani. Kila mmoja wetu alikuwa na dhana yake juu ya kilichomo. Fundi wa injini alijitia kuinama karibu naye afunge kamba za viatu, apate kuchungulia. Bila kuinua kichwa, Bi Hebu akamwambia viatu vyake havina kamba.

Nahodha wa wakati huo tulimwita Mkubwa. Mimi nilikuwa mfunga kamba tu, nina miaka ishirini na sita, mke mjamzito na chumba kimoja cha kupanga. Mkubwa alituita wote chumba cha injini, akafunga mlango, akasema yule mwanamke ametumwa kutuzika, nasi hatuzikwi tukiwa hai. Lazima boti ijae, hata kwa watu wetu wenyewe.

Na vipande vya tiketi tulikuwa tunajua pa kuvipata. Wageni wengi wakitoka Jumba walikitupa kile kipande cha pili palepale mlangoni. Hawakutaka boti, wamechoka, wanataka kwenda zao. Basi tukapangiana zamu ya kuokota. Unapita kama mtu mwenye shughuli zake, unaangusha leso, unaiokota pamoja na vipande sita. Tukavipangusa, tukavinyoosha, tukawagawia jamaa zetu. Kwa wasiojua kanuni, hilo ni kosa la kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, bila hata barua ya onyo. Wote kumi na mmoja.

Wakaja. Mke wa fundi na dada zake wawili. Mama mkwe wa Mkubwa, ambaye alikuwa anaogopa maji, akafumba macho tangu gatini mpaka gatini, halafu akasifia mandhari. Mimi nilimleta shangazi, dada yake baba, aliyenilea. Nilimwonya: panda, kaa, tazama nje, na hunijui. Siku ya kwanza alinipita kama gogo, nikajivunia. Tulipofika katikati ya mto akageuka, akanipigia kelele mbele ya abiria wote nivae sweta, upepo utanipa kifua.

Juma moja alipanda mara nne. Kila siku alibadilisha kitambaa cha kichwani, kijani, njano, zambarau, kijani tena, akiamini hiyo ndiyo siri ya kujificha. Alipofika langoni mara ya nne, Bi Hebu aliinua tiketi kwenye mwanga. Akaigeuza. Akamtazama shangazi, akakitazama kitambaa, akamtazama tena shangazi. Kisha akachana, akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake: "Karibu tena." Shangazi alinifuata kwa furaha kuniambia yule mama ana heshima sana. Nilijua ametujua, na nilijua kinachobaki ni siku tu.

Mwezi wa tatu ulipoisha, tangazo likabandikwa ubaoni. Boti itaendelea. Kuanzia Jumatatu itaondoka saa tisa kasorobo badala ya saa nane. Mkaguzi atabaki gatini. Tulipiga vigelegele kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka fundi alipouliza: sasa huyu anabaki kufanya nini?

Tulijijibu wenyewe, na tukajijibu vibaya. Tukasema ametuweka kiganjani. Amejua habari za vipande, amevinyamazia, siku akitaka atavitoa, na sisi tutakwenda. Mkubwa alisema hata kubadilishwa saa ni njama ya Jumba: boti imeondoka saa nane tangu yeye hajaajiriwa, boti haisubiri samaki, na saa tisa kasorobo nani atapanda? Tukakubaliana tusiseme lolote mbele yake. Akija, tunazungumzia hali ya hewa. Chai tulikunywa ndani ya chumba cha injini, joto lake mnalijua, ili tu tusinywe naye. Yeye alikunywa yake pale langoni, amesimama, jicho kwenye kivuko.

Cha ajabu, boti ikaanza kujaa. Mwezi wa kwanza nusu, wa pili viti vyote, na kufika mwisho wa mwaka watu walikuwa wanabaki gatini wakingoja safari ya pili. Jamaa zetu tuliwarudisha majumbani, shangazi akanuna. Mkubwa alituambia ni ile rangi ya samawati tuliyopaka. Tulimwamini. Nilishika brashi kwa mikono yangu, kwa nini nisiamini?

Lakini mtu akiwa na siri yako, hata akikohoa unashtuka. Mwaka ukapita, na wa pili, na bado kila alipofungua daftari tulijitia kukaza kamba zisizolegea. Abiria akilalamika, tulisema ni yeye kamchochea. Msaidizi wa fundi alipohamishwa kwenda Jumba, tulisema ni yeye, ingawa mwenyewe ndiye aliyeomba uhamisho kwa sababu ya kiyoyozi. Siku moja aliizuia boti dakika tisa nzima, mto mtulivu, abiria wameketi, mimi nimeshika kamba mkononi. Alisema kipande kimoja hakijafika. Mzee mmoja ameingia Jumba saa tano na tiketi pacha, amemwambia kwa mdomo wake kwamba atapanda boti, na hajatokea. Tulisonya. Akavuka barabara mwenyewe, akamkuta mzee amelala usingizi mzito kwenye benchi la chumba cha mikunga, fimbo imeanguka, na wasafishaji wako mbioni kufunga upande ule. Alimleta kwa mkono mpaka kwenye kiti. Mzee alifurahi mno. Na sisi tulisema nini? Tulisema anatafuta sifa.

Mwaka wa tano nikafanya nililofanya. Wenzangu walijua nina mwandiko mzuri. Niliandika barua kwa meneja wa wakati huo, kurasa mbili, kwamba mkaguzi anatisha wageni, anawanusia tiketi kama mbwa wa forodha, ana kiburi, na kwamba kwa ustawi wa boti aondolewe. Tulitia sahihi wote. Nilijivunia sana aya ya mwisho. Jibu halikuja. Tukahitimisha kwamba ameinasa njiani.

Katika muda huo wote, kwa taarifa ya ofisi, mkaguzi huyu alikuwa akifanya kazi. Alinasa vitabu viwili vizima vya tiketi bandia kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Alipendekeza kengele ya mlangoni mwa Jumba inayolia robo saa kabla ya boti, ile mnayoisikia mpaka leo. Alimzuia meneja mpya asipande bila tiketi siku yake ya kwanza kazini, na meneja yule, tofauti na shemeji, alimpa cheti. Hajawahi kuchelewa. Katika miaka ishirini na mitatu hakuna mtu aliyeshuka kwenye boti hii ambaye yeye hakuwa amemhesabu akipanda.

Sasa faili.

Nililifungua Jumatano iliyopita, nikitafuta tarehe ya kupandishwa cheo. Nikakuta karatasi nne za mkono, zimeanza kugeuka rangi, kichwa chake: Taarifa ya Jaribio la Tiketi Pacha. Nikajisemea, haya, leo nimekikuta kisu alichotunolea. Nikasoma nimesimama. Kufikia ukurasa wa pili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi.

Alikuwa ameandika kila kitu. Hakuficha hata nukta. Kwamba abiria wa kweli ni saba au tisa kwa safari, na waliobaki ni jamaa za wafanyakazi. Kwamba vipande vyao vina alama za viatu na vinanuka maji ya kudekia sakafu ya Jumba. Nanukuu sehemu moja, maana nimeikariri bila kutaka: "Yupo mama mmoja wa kitambaa kijani Jumanne, cha njano Jumatano, cha zambarau Alhamisi na kijani tena Ijumaa, ambaye amepanda mara nne kwa juma, na kila mara analalamika kwamba daraja ni lilelile." Shangazi yangu, Mungu amrehemu, yumo kwenye kumbukumbu rasmi za kampuni.

Kisha ukurasa wa tatu. Anasema alitumia siku zake nne za mapumziko kusimama mlangoni mwa Jumba akiwauliza wageni wanaotupa kipande cha pili kwa nini wanakitupa. Aliwauliza arobaini na mmoja. Thelathini na wanane walijibu kitu kimoja: boti inaondoka saa nane, na saa nane ndipo papa anapolishwa. Hawawezi kumwacha papa. Mwenyekiti wetu na boti yetu walipangiwa saa ileile, kwa miaka, barabara moja katikati, na hakuna aliyewahi kuvuka kwenda kumwambia mwenzake. Ndiyo kiburi cha kutosalimiana. "Boti isogezwe mpaka saa tisa kasorobo," ameandika. "Samaki hawawezi kusogezwa, wamezoea."

Na sisi tukadhani ni rangi!

Juu ya vile vipande vya kuokota, ameandika kwamba ni kosa, na kwamba anajua adhabu yake. Halafu anasema hivi: "Lakini watu wanaohangaika mpaka kuwaleta mama wakwe zao wanaipenda kazi yao. Wafanyakazi wa namna hii hawapatikani kwa tangazo. Naomba wasiondolewe. Nami naomba nibaki gatini kuwasimamia. Ikiwa baada ya miezi sita boti haijai nusu kwa abiria wa kweli, nianze kuondolewa mimi." Pembeni, kwa wino mwekundu, meneja wa wakati huo ameandika: "Sawa. Miezi sita. Akishindwa, aende nao."

Ukurasa unaofuata wa faili ni fomu ya familia ya mwaka uleule. Watoto watatu shuleni. Mume: mgonjwa, hafanyi kazi. Nyumba nzima ilikuwa inamtegemea yeye, naye akaiweka mezani kwa ajili ya watu kumi na mmoja ambao hata chai hawakumkaribisha.

Barua yangu nayo imo. Kurasa zangu mbili, na ile aya ya mwisho niliyojivunia. Kumbe hakuinasa, aliitiwa ofisini akaonyeshwa. Chini yake kuna mwandiko wake: "Nimeisoma. Sina la kuongeza. Aliyeandika anajua kuandika." Na nyuma kabisa, fomu ya maandalizi ya sherehe hii ya kumuaga, ya mwezi uliopita. Pameulizwa mstaafu angependa wasifu wake uandikwe na nani. Amejibu: yule aliyeandika barua.

Nilimfuata jioni hiyo langoni, safari ya mwisho ya wageni ikiwa imekwisha. Nikampa zile karatasi nne. Alizipokea, akaziinua kwenye mwanga. Nikamuuliza, dada, kwa nini hukutuambia? Miaka yote hii! Hakukasirika wala hakulia, kama mlitaka hayo mtakosa. Aliniuliza swali moja tu: angetuambia, tungemwamini?

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini namjua Mkubwa, na najijua mimi. Angetuambia asubuhi, mchana tungekuwa chumba cha injini, mlango umefungwa, tunaulizana huyu mwanamke anatutega nini tena. Nikamwambia hapana, dada, tusingekuamini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta hesabu imelingana. Akaongeza kwamba tulipokuwa tunamwogopa boti ilikuwa inaondoka kwa wakati, kwa hiyo hakuona sababu ya kuturekebisha. Na kwamba kwenye barua yangu kulikuwa na jambo moja la kweli: tiketi anazinusa.

Nimeambiwa wasifu uwe mchangamfu, na nimejitahidi. Ila hili nalisema kama lilivyo. Shukrani ya punda ni mateke, na punda walikuwa kumi na mmoja. Watoto wangu wawili wamesoma kwa boti hii. Fundi amejenga kwa boti hii. Mkubwa alistaafu kwa heshima, akafariki miaka sita iliyopita akiamini mpaka pumzi ya mwisho kwamba yule mwanamke alikuwa adui yake. Bi Hebu alikuja msibani, akakaa nyuma peke yake siku zote tatu. Na sisi, Mungu atusamehe, tulinong'onezana kwamba amekuja kuhesabu nani hakufika kazini.

Kwa hiyo, dada, kwa niaba ya boti, ya waliopo na waliotangulia, asante. Asante kwa taarifa ile, kwa miezi sita ile, na kwa kila siku uliyokaa pale langoni tukikupa kisogo. Tunakuombea afya, usingizi wa mpaka jua lipande, wajukuu wenye adabu, na watu wa kukaa nawe wakupendao wazi bila wewe kulazimika kuwachunguza. Maisha mema, dada yetu. Ijumaa wenzetu wa Jumba watapiga makofi na vigelegele, nawe utatutazama sisi wa boti, kwa sababu huachi kutazama, na utatuona tumeinamisha vichwa, hatutoi sauti. Safari hii usitutilie shaka. Tunaona haya, basi.